Bakgraundi ipi kwa picha za watoto? Anza na uso wa mtoto, ukuta baadae

Swali: "Shikamoo dada. Mimi ni kijana nimeanza kupiga picha za watoto huku Mbagala, nina chumba kimoja nimekigeuza studio, kamera ya kawaida na lenzi ya 50mm, flashi moja na sofboksi yake (lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga). Nilinunua bakgraundi tatu za vinili Kariakoo, moja ina kasri, moja ina maputo ya besdei, moja nyeupe tupu. Wazazi wanalalamika mtoto anatoka mweusi kuliko alivyo, hasa kwenye ile nyeupe, na kwenye kasri anaonekana kama amebandikwa. Naomba kujua ninunue bakgraundi gani, na nikitaka kuwatoa nje niwapeleke wapi hapa Dar? Hela yenyewe ni ndogo."

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelipenda maana umeeleza tatizo lenyewe lilivyo, na jibu langu la kwanza ni kwamba usinunue bakgraundi nyingine kwa sasa. Hizo tatu zinatosha kuanzia, na yote mawili uliyoyataja, mtoto kutoka mweusi na mtoto kuonekana amebandikwa, yanatokana na mwanga na umbali, sio vinili yenyewe. Wengi wanaoanza hii kazi wanachagua cha nyuma kwanza, wanakitundika, afu ndo wanamleta mtoto asimame pale mbele. Geuza huo utaratibu. Kwanza tafuta mwanga mzuri wa uso wa mtoto unatokea wapi, pili jiulize huyu mtoto kwa umri wake atakuwa anafanya nini hapo, na cha nyuma kije mwisho kabisa, kichaguliwe kwa ajili ya huyo mtoto na rangi ya ngozi yake na nguo aliyokuja nayo.

Tuanze na nyeupe maana ndo inayokuumiza zaidi. Kamera ikijipima yenyewe haijui kama inaangalia mtoto au ukuta, inachukua mwanga wote unaoingia na kujaribu kuuleta kwenye kijivu cha kati. Ukiweka kitu cheupe kimejaa fremu nzima, kamera inaona "hapa mwanga umezidi" na inaupunguza, kwa hiyo nyeupe inakuwa kijivu na mtoto mwenye ngozi nyeusi anazama chini, macho hayaonekani, meno tu ndo yanaonekana. Kama flashi yako ni ya kujipima, nayo inadanganyika hivyo hivyo. Na kama unaiweka kwa mkono, kinachotokea ni wewe kuangalia kioo cha kamera, ukaona kweupe kila mahali, ukadhani picha imeungua ukapunguza nguvu ya flashi. Dawa yake ni kupima shavu la mtoto. Weka kamera ipime sehemu ndogo ya katikati, elekeza shavuni upande unaopata mwanga, na kama ngozi ni nyeusi sana punguza kidogo maana kamera itataka kuileta kwenye kijivu, au kama hutaki mambo mengi ongeza mwanga kwa stopu moja (yaani mara mbili) juu ya ile kamera inayotaka; kama flashi unaiweka kwa mkono kamera haiipimi, ongeza nguvu yake mwenyewe, piga, kuza picha kwenye kioo uangalie uso. Ukuta ukiungua kidogo sio kesi. Uso ukizama ndo kesi.

Na hapa naomba sana, tena sana, usije ukalimaliza hili tatizo kwa kumng'arisha mtoto kwenye simu baada ya kupiga. Naona studio nyingi zinafanya hivyo, mtoto mweusi mzuri kabisa anarudi nyumbani na picha ya mtoto wa maji ya kunde ambaye hamfanani, na mtoto anakua anaiona hiyo picha ukutani sebuleni kila siku. Ngozi nyeusi ikipata mwanga laini wa kutosha, ukitokea ubavuni kidogo, inatoa mng'ao mzuri ajabu, shavu linakuwa na mviringo, paji la uso linawaka kidogo. Kazi yetu ni kuuonyesha huo uzuri, na bakgraundi ichaguliwe kwa kigezo hicho.

Sasa umbali. Hiki ni kitu ambacho ukikielewa utaacha kununua nunua bakgraundi ovyo. Mwanga wa flashi unapungua haraka sana kadri kitu kinavyokuwa mbali nao, umbali ukiwa mara 2 mwanga unabaki robo, ukiwa mara 4 unabaki sehemu moja ya 16. Kwa hiyo chukua ile nyeupe yako: sofboksi iwe mita 1 toka kwa mtoto, na ukuta uwe mita 2 toka kwenye sofboksi, ule ukuta unapata robo tu ya mwanga anaopata mtoto na kwenye picha unatoka kijivu. Msogeze mtoto na taa mbele zaidi mpaka ukuta uwe mita 4 toka kwenye taa, unatoka kijivu kizito kinachokaribia nyeusi. Ukitaka utoke mweupe hasa, fanya kinyume chake, taa iwe mbali kidogo na mtoto awe karibu na ukuta ili wote wawili wapate mwanga unaokaribiana. Yaani vinili moja nyeupe tayari ina rangi tatu ndani yake. Jaribu kabla mteja hajaja, mkalishe mdogo wako au hata ndoo juu ya stuli, sogeza, piga, sogeza, piga, uone mwenyewe. Hakikisha tu mlango na dirisha vimefunikwa pazia zito na taa ya darini umezima, maana ile taa ya dari inaleta rangi yake na inaharibu hesabu yote.

Kuna njia nyingine ya kupata nyeupe safi ukiwa na flashi moja tu: kama chumba kina dirisha kubwa, tundika shuka jeupe au chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili dirishani, mchana kikipigwa na mwanga wa nje kinawaka chenyewe, hiyo ndo bakgraundi yako, afu flashi inamwangazia mtoto kwa mbele. Inatoka laini sana, hasa kwa watoto wachanga.

Kasri. Mtoto anaonekana amebandikwa kwa sababu ile picha iliyochapwa ina jua lake na wewe una taa yako. Angalia vizuri utaona kwenye kasri kivuli kinaenda kulia, mtoto wako kivuli kinaenda kushoto, na sakafu ya kasri imechorwa kama inaangaliwa kutoka juu wakati wewe umepiga magoti chini. Jicho la mzazi halijui kueleza hilo ila linakataa. Ukitaka kuitumia, kwanza tazama mwanga wa kwenye mchoro unatoka upande gani na taa yako iweke upande huo huo. Pili, mtoe mtoto mbele mita 2 hivi kama chumba kinaruhusu, fungua tundu la lenzi mpaka f/2 au f/2.8 (namba ndogo ndo tundu kubwa), kasri ife kidogo iwe ukungu. Ile ya maputo ndo inafaidika zaidi na hii, maputo yaliyochapwa yakiwa makali yanaonekana karatasi, ila yakipotea kidogo yanakuwa mabaka laini ya rangi na kila mtu anaona besdei bila kuona vinili. Halafu vinili inang'aa, flashi ikiipiga moja kwa moja kuna doa jeupe linatokea, kwa hiyo taa ikae ubavuni kama nyuzi 45 na isiangalie vinili uso kwa uso. Mikunjo nayo: usiikunje kama shati, iviringishe kwenye bomba la plastiki, na ikishakunjika itandaze juani kwa muda inalainika.

Ukishapata hela kidogo, nunua kitambaa, tena kisichong'aa. Hapo Kariakoo kuna maduka ya vitambaa vya mapazia na mashuka, chukua kizito cha rangi moja, kipana angalau mita 2 na nusu na kirefu kiasi cha kushuka ukutani mpaka kutandikwa sakafuni bila kukata, ile kona ya ukuta na sakafu ipotee. Rangi ya kwanza ningechukua kijivu cha kati, kwa sababu hakigombani na nguo yoyote na kamera inakipima sawasawa. Ya pili ni ama njano ya haradali au kijani kilichokolea kama jani la mgomba, hizi mbili zinawapenda sana watoto wetu, zinaitoa ngozi mbele bila kelele. Rangi ya tofali pia nzuri ila iangalie, mtoto wa maji ya kunde akikaa mbele ya kahawia inayofanana na ngozi yake anamezwa, lazima uweke mwanga mdogo wa nyuma unaochora bega na nywele. Nyeusi nayo ni hivyo hivyo, ni nzuri kupita kiasi ukiwa na huo mwanga wa nyuma na ni balaa usipokuwa nao, nywele zinapotelea huko nyuma zote. Kwa flashi moja, nyeusi iache kwanza.

Vitenge na khanga naona vijana wanavitundika sana siku hizi na mimi navipenda, ila kuna mambo yake. Kitenge chenye maua makubwa nyuma ya mtoto mdogo kinamshinda, macho yanaenda kwenye maua. Tafuta chenye michoro midogo midogo inayojirudia au kiweke mbali kipotee kidogo, na mtoto avae rangi moja tupu. Khanga mimi naipendelea chini, mtoto amelala au amekaa juu yake, pindo lake linamzunguka kama fremu, unapiga kutoka juu, inapendeza sana kwa wa miezi 5 au 6. Ila soma jina la khanga kabla hujaitandika! Khanga nyingi zina mafumbo ya watu wazima, ya kujibizana na jirani au mke mwenza, na bibi wa mtoto atalisoma kabla hajamwangalia mjukuu. Na kama inatundikwa, hakikisha maandishi hayapiti nyuma ya kichwa, usomaji unashindana na uso.

Umri ndo unaoamua mengine yote. Mtoto ambaye hajakaa, bakgraundi yake ni sakafu, achana na ukuta: mkeka wa ukili, shuka la pamba, kitanda cha mama yake, mwanga wa mlango ukiingia kwa ubavu. Anayekaa ila anayumba, kati ya miezi 6 na 9, mama akae nje ya fremu mkono tayari, na usimweke juu ya kitu chochote kirefu, sio kiti, sio ngoma, sio sanduku, hata kama picha ya mtandaoni uliyoiona imefanya hivyo. Wa mwaka 1 mpaka 3 ndo wanaotukimbiza. Hawa usiwapeleke sehemu pana, ukimweka kwenye uwanja mkubwa unapiga mgongo wake tu anaondoka. Mtafutie sehemu iliyozibwa pande mbili tatu, kona ya uani, mlangoni, kwenye ngazi mbili za kibaraza, na mpe kazi. Wa miaka 4 kwenda juu muulize mwenyewe anapenda kukaa wapi, watoto wanajua sehemu zao. Mmoja atakupeleka kwenye mti anaoupanda, mwingine dukani kwa baba yake, na pale anakuwa mwenyeji wewe mgeni, uso wake unatulia kabisa.

Nikupe mfano wa kona ya kawaida kabisa, nyumba ya kupanga Sinza. Ukuta wa uani umepakwa rangi ya mafuta ya bluu nusu ya chini, juu krimu imechakaa. Mtoto wa kike miaka 3, gauni la njano, kakalishwa kwenye kigoda mbele ya beseni la maji na vikombe vya plastiki viwili. Jua liko upande wa pili wa nyumba kwa hiyo pale alipokaa ni kivuli, ila juu kuna anga wazi na lile eneo la sementi mbele yake linapigwa na jua linarudisha mwanga usoni. Anamimina maji kikombe hadi kikombe, anaangalia chini, kope zinaonekana, afu maji yanamwagika anainua kichwa kumtafuta mama, na hapo hapo ndo unabonyeza, ndani ya macho kuna kile kidoa cheupe cha anga. Bluu imemshika njano vizuri mno. Hakuna hata shilingi ya bakgraundi pale. Kitu cha kuangalia kwenye kuta za namna hii ni ule mstari wa rangi mbili zinapokutana: ukipiga umesimama unapita shingoni kwa mtoto kama kamba, ukichuchumaa mpaka lenzi iwe sawa na macho yake unahama, unaweza ukaamua uso wote ukae kwenye bluu au wote ukae kwenye krimu. Mstari wowote ule, wa ukuta, wa uzio, wa bahari na anga, usikate shingo wala masikio.

Nadhani umeona ninakokupeleka, kwa wateja wengi wa Mbagala, Tabata, Gongo la Mboto, kwao kwenyewe ndo lokesheni nzuri kuliko zote. Unafika, unazunguka nyumba mara moja, unaangalia mwanga kwanza. Kamba ya kuanikia nguo, ndoo, bodaboda ya mjomba, vyote unavisogeza kabla ya kutoa kamera. Kama kuna uzio wa mabati, angalia lile bati lisirudishe jua kali upande mmoja wa uso.

Nje kabisa, tatizo la Dar ni jua letu kuwa juu sana. Tuko karibu na ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana linakuwa utosini kabisa, mtoto macho yanageuka mashimo meusi mawili na pua ina kivuli mpaka mdomoni. Kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni usipange kupiga mtoto juani miezi yote, tafuta kivuli au ahirisha, na tena watoto wenyewe wanachoka na joto wanakuwa wakali. Asubuhi saa 12 na nusu mpaka saa 2 na nusu ni nzuri sana na watoto wadogo wanakuwa wameamka na furaha. Jioni anza saa 10 na nusu, ila kumbuka huku kwetu jua linazama haraka, kuanzia kama saa 12 na robo mwezi wa 6 mpaka kama saa 12 na dakika 45 mwezi wa 2, na giza linaingia dakika 20 tu baada ya hapo. Mteja akichelewa nusu saa kwa foleni ya Kilwa Road, kazi imeisha. Siku za mawingu za masika watu wanaahirisha na mimi nashangaa, mawingu ni sofboksi kubwa ya bure, kama mvua haijanyesha nenda kapige.

Bichi kila mzazi anaitaka, kwa hiyo ielewe. Coco na fukwe za Kigamboni zinaangalia mashariki. Maana yake jua linachomoza baharini na linazama nyuma ya mji, ile picha ya jua kuzama baharini usimwahidi mteja pale. Jioni ya saa 10 na saa 11 ukimsimamisha mtoto bahari iwe nyuma yake, jua linampiga usoni anakunja macho, na ndo picha nyingi za bichi zilivyo, watoto wamekunja sura. Subiri jua lishuke nyuma ya miti na nyumba, dakika zile za mwisho anga ya magharibi bado inaangaza na ya upande wa bahari inakuwa bluu yenye waridi kidogo, uso unakuwa laini kabisa. Au nenda asubuhi jua linapochomoza, likiwa nyuma ya mtoto linachora nywele, na mchanga ule mweupe unarudisha mwanga usoni bila wewe kushika kitu. Angalia maji pia kabla hujapanga siku. Siku za bamvua, mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji yakijaa ufukwe unabaki mwembamba na mawimbi yanafika mbali, yakitoka unabaki na mwani na mawe. Weekend jioni Coco imejaa watu, mihogo, mipira, bajaji, hutapata nyuma safi, nenda siku ya kazi au asubuhi. Na mtu mzima mmoja asimame upande wa maji muda wote, kazi yake iwe hiyo tu.

Kwa sehemu nyingine, Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama naipenda kuliko sehemu nyingi mjini kwa watoto wa miaka 4 na kuendelea, kuna nyumba za jadi za makabila mbalimbali, kuta za udongo na nyasi, rangi zimetulia, na mtoto anapata cha kuuliza. Udongo ule na ngozi zinakaribiana rangi, kwa hiyo mvalishe nyeupe, njano au bluu. Bustani ya Botaniki hapo Posta, karibu na Makumbusho ya Taifa, ina miti ya tangu enzi za Wajerumani, kivuli kizito, nzuri hata saa 4. Sehemu zote za namna hii ulizia getini kwanza habari ya kiingilio na kibali cha kamera ya kazi, usiingie kama mtalii afu uanze kufungua stendi na kutundika vitambaa, utaaibika mbele ya mteja. Maeneo ya jeshi, Ikulu, bandarini, hata usitoe kamera. Na kwenye reli usimkalishe mtoto hata siku moja, hata kama treni haijapita toka asubuhi.

Chini ya miti kuna mtego. Mwembe mkubwa una kivuli kizito, safi. Mti wenye majani madogo madogo kama mwarobaini unapitisha jua kwa matundu, mtoto anakuwa na madoa doa usoni, na hayo hayatoki kwenye kompyuta. Usimweke katikati ya kivuli pia, katikati ni giza na majani yanamtia ukijani chini ya kidevu. Mlete pembeni, hatua moja ndani ya kivuli, uso uangalie nje kwenye anga wazi, nyuma yake ibaki ile giza ya kijani ya mti, na hapo una bakgraundi ambayo hakuna duka linaiuza. Kwa lenzi yako ya 50mm weka f/2.8, spidi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, wakianza kukimbia 1/500. Wakiwa ndugu watatu wamekaa funga mpaka f/5.6 la sivyo wa pembeni anapotea.

Usalama wa studio nitausema kwa kifupi ila uuchukulie kwa uzito. Stendi za bakgraundi zifunge viroba vya mchanga miguuni, mtoto atavuta kitambaa, hilo ni hakika. Waya ya flashi ipitie ukutani na ibandikwe kwa tepu. Maputo ya kweli yaliyopasuka okota vipande hapo hapo, watoto wanatia mdomoni na wanapaliwa. Unga wa kuchezea na manyoya viache kabisa kwa walio chini ya mwaka.

Na kuna mambo ya nyuma ambayo hayahusu urembo. Sare ya shule yenye nembo, jina la shule ukutani, namba ya nyumba, pleti ya gari la baba, vikiwa nyuma ya mtoto na wewe ukaposti hiyo picha kutangaza kazi, umeshamwambia kila mtu huyu mtoto anapatikana wapi. Vitoe kwenye fremu toka mwanzo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mzazi anatakiwa akubali kwa maandishi kabla hujaposti mtoto wake, ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia, uuhifadhi.

Kabla ya kila kazi, jana yake, muombe mama akutumie picha ya nguo atakazovaa mtoto. Ni jambo dogo ila ndo linaloamua bakgraundi, gauni jeupe la neti litaomba kijivu au kijani, shati la maua litaomba ukuta mtupu, jezi ya timu itaomba uwanja au uchochoro wa mtaani kwao. Muulize pia mtoto analala saa ngapi mchana, usimpange saa hiyo hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani. Wiki hii fanya zoezi la ile nyeupe na umbali, ukipata kijivu na nyeupe kwa vinili hiyo hiyo nitumie picha mbili, moja uso karibu na moja chumba kizima kuonyesha taa ilikaa wapi, nitakuambia usogeze nini.